Nyumba Iliyokatazwa Kusema

Mashine kubwa ya kufulia ya hospitali ilikuwa na tabia zake. Ukiijaza kupita kiasi, inanuna. Ukifunga mlango wake kwa pupa, inagoma. Mama Chiriku alizijua tabia zake zote, kama mtu anavyozijua tabia za wifi yake. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kufulia kwa miaka kumi na mitatu.

Kila asubuhi alivaa buti za mpira, aproni na glavu ndefu. Alipokea mikokoteni ya mashuka kutoka wodini. Aliyatenga: haya ya damu, haya ya dawa, haya ya jasho tu.

"Damu ni maji ya baridi," aliwaambia wageni wa kazi. "Ukiipa maji ya moto, umeikaribisha ikae. Haitoki tena."

Alikuwa na binti wa miaka minane. Mtoto huyo alikuwa msemaji tangu alipojua kufungua mdomo. Aliongea akila, akioga, hata akipiga mswaki. Majirani walimwita Chiriku, yule ndege asiyenyamaza. Basi mama naye akawa Mama Chiriku, na baba akawa Baba Chiriku, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu moja tangazo lilibandikwa ukutani kazini. Lilikuwa la Kiingereza. Wanawake sita wa chumba cha kufulia walisimama mbele yake wakalitazama. Ilibidi wamsubiri karani wa stoo apite awasomee.

Karani alisoma, akawaeleza. Msimamizi wao anastaafu. Anayetaka nafasi yake aandike jina. Baada ya wiki sita kutakuwa na mtihani. Kila mtu ataandika taarifa ya kazi ya siku hiyo, kwa Kiingereza.

Mama Chiriku alihisi damu inampanda kichwani. Nafasi ile ilikuwa imetoka mara mbili tangu aajiriwe. Mara zote mbili aliletwa mtu kutoka nje, kwa sababu ya Kiingereza. Wa kwanza hakujua tofauti ya sabuni na dawa ya kung'arisha. Wa pili aliyachemsha mashuka ya chumba cha upasuaji, yakatoka na madoa ya kahawia, yakatupwa. Nani aliwafundisha kazi? Yeye. Aliwafundisha kazi, kisha wakamwamrisha.

"Na huyu wa tatu pia nitamfundisha mimi?" alisema kwa sauti. "Nimfundishe bosi wangu mpaka lini?"

"Si uandike jina lako," mwenzake alimwambia.

"Niandike nini, dada? Kiingereza changu kinaishia 'gudi moningi'."

"Basi jifunze. Kwani hizi mashine ulizaliwa unazijua?"

Mama Chiriku alichukua kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Nyumbani walikuwa watu wanne. Mama Chiriku, mumewe, binti yao, na mama mzazi wa Baba Chiriku, ambaye wote walimwita Bibi. Baba Chiriku alikuwa fundi wa majokofu. Alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, na akipata wazo jipya halali mpaka wenzake nao wamelijua.

Aliposikia habari za mtihani, alifurahi kuliko mkewe.

"Mama Chiriku, dawa ninayo," alisema. "Fundi mwenzangu alisoma shule ya maana. Kule ilikuwa marufuku kusema Kiswahili. Ukisema, unavishwa kibao shingoni. Unakivaa mpaka umnase mwingine aliyekosea. Ndiyo maana leo anakimwaga Kiingereza kama maji ya bomba."

"Mimi pia nilivishwa kibao shuleni," mkewe alisema. "Mbona changu hakimwagiki?"

"Labda hukukivaa vya kutosha."

Alicheka. Mama Chiriku hakucheka. Alikumbuka jinsi alivyokaa darasani mwaka mzima bila kunyoosha mkono. Lakini alikumbuka pia wale wasimamizi wawili, akajisemea kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akakubali. Baadaye alijilaumu sana kwa kukubali kule.

Baba Chiriku alichukua kipande cha ubao wa sanduku. Alikitoboa, akakitia kamba, akaandika kwa rangi nyekundu: NO SWAHILI. Maana yake, hakuna Kiswahili. Alikitundika kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni.

Alileta pia kitabu cha zamani cha sarufi. Katikati yake palikuwa na orodha ndefu ya vitenzi, katika safu tatu. Kila jioni baada ya chakula waliimba wote watatu, baba, mama na mtoto.

"Go, went, gone! Break, broke, broken! Swim, swam, swum!"

Upande wa pili wa ukuta aliishi jirani yao, Bi Taipu. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa amepiga taipu katika ofisi kubwa kwa miaka thelathini, hadi alipostaafu. Alikuwa na ulimi mkali na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya tano alichoka. Aligonga ukuta kwa mwiko.

"Jamani!" alipiga kelele. "Huu ukuta nao utafaulu mtihani!"

Baba Chiriku aliona sifa. Aliongeza sauti.

Wiki ya kwanza ilikuwa na vichekesho. Bibi alijua maneno mawili tu ya Kiingereza: "yes" na "tenkyu". Mwanawe alimuuliza kwa Kiingereza kama amekula. Bibi akajibu "yes". Kumbe hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kesho yake Bibi aliamka amekasirika. Alikwenda mwenyewe kwenye msumari, akachukua kibao, akajivisha juu ya gauni lake kama mkufu.

"Haya, nimekivaa," alisema kwa Kiswahili safi. "Sasa nisikilizeni, maana nina mengi ya kusema."

Alisema hadi saa tatu. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Lakini baada ya hapo vicheko vilikwisha. Baba Chiriku akirudi kazini alisema "good evening", wakamjibu "good evening", na maneno yakaishia hapo. Chai ilipungua sukari, na hakuna aliyeuliza sukari iko wapi. Walipitana mlangoni kama wapangaji waliogombana. Chiriku alivishwa kibao mara nne katika wiki ya pili. Mara ya nne hakulia. Alinyamaza tu. Na akaendelea kunyamaza.

Baba yake alisema, "Mwaona? Ameanza kufikiri kwa Kiingereza."

Mama Chiriku alitaka kuamini hivyo. Alikuwa amechoka. Alirudi kutoka kazini na orodha ya vitenzi kichwani, akapika akinong'ona vitenzi, akalala navyo.

Jumatano ya wiki ya tatu, alikuwa anamenya vitunguu. Chiriku alikuja akasimama kando yake. Alishika sikio lake la kushoto.

"Mama," alisema. "Ear."

Mama Chiriku alitabasamu. Mtoto anafanya mazoezi.

"Yes. Ear," alimjibu. "Very good!"

Chiriku alimtazama. Alifungua mdomo, akaangalia kibao kwenye msumari, akafunga mdomo. Akaenda zake chumbani.

Jumamosi asubuhi Mama Chiriku alikusanya nguo za nyumbani za kufua. Alivua foronya ya mto wa mwanawe. Mikono yake ikasimama hewani.

Palikuwa na doa. Lilikuwa la manjano, kubwa kama kiganja, limekauka katikati na bado lina unyevu pembeni. Mtu mwingine angesema ni mate au chai. Mama Chiriku alikuwa amesoma madoa ya wagonjwa kwa miaka kumi na mitatu. Hilo halikuwa mate. Alilinusa. Lilikuwa usaha.

"Chiriku!" aliita. "Njoo hapa!"

Mtoto alikuja pole pole. Mama yake alimgeuza kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba, na ndani yake mlikuwa na maji mazito. Alipoligusa kidogo tu, mtoto aliruka.

"Linakuuma tangu lini?"

Chiriku alitazama msumari.

"Sema, mwanangu! Sema kwa Kiswahili! Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilikwambia 'ear'. Ukasema 'very good'." Mtoto alinyoosha kidole kwenye kibao. "Sikujua kusema 'linauma' kwa Kiingereza. Na sikutaka kuvaa kile."

Mama Chiriku alikaa chini kwenye sakafu. Alisikia aibu ambayo hajawahi kuisikia maishani. Mtoto wake alikuja na maumivu, na yeye akampa maksi.

Alimbeba mgongoni, mkubwa alivyokuwa, hadi zahanati. Tabibu alitazama ndani ya sikio kwa tochi ndogo. Alilisafisha, akaandika dawa.

"Mngekawia zaidi, mambo yangekuwa mabaya," alisema. "Angeweza kupoteza usikivu wa sikio hili. Mama, mtoto wa umri huu hanyamazi akiumwa sikio. Hakulia?"

Mama Chiriku aliipokea karatasi ya dawa. Angemwambia nini? Kwamba walikuwa wanajifunza lugha?

Aliporudi nyumbani alimpa mtoto dawa, akamlaza. Kisha alikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Alikichukua kibao, akakiweka kwenye ngazi ya mlango, akakikanyaga kwa kisigino. Kilipasuka vipande viwili. Baba Chiriku alitoka mbio chumbani.

"Kulikoni?"

"Kulikoni? Unauliza leo? Umekaa wiki tatu bila kuuliza kwa lugha ambayo mtu anaweza kukujibu!" Alimwonyesha foronya. "Soma hili doa. Siku nne mtoto anatoka usaha sikioni, na humu ndani hakuna aliyejua. Kwa nini? Kwa sababu tumemfunga mdomo. Tumemfunga sisi wenyewe, wazazi wake!"

Baba Chiriku alishika foronya.

"Mimi nilitaka upate ile nafasi," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na mimi niliitaka. Ndiyo maana nimekasirika na wewe nusu, na nusu nimekasirika na nafsi yangu. Lakini sikiliza nikwambie. Walioleta vibao hivi walitaka tuone haya kwa kila neno tulilonyonya kwa mama zetu. Nilikivaa nikiwa mtoto. Nikajifunza nini? Nilijifunza kunyamaza, basi. Sasa nimekileta kwa mkono wangu, nikamvisha mwanangu!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alisema neno moja tu, kwa msisitizo.

"Yes!"

Hakuna aliyecheka. Mlango ukagongwa, na Bi Taipu akaingia kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, Bi Taipu," Mama Chiriku alisema akifuta macho.

"Marahaba. Nimesikia yote, ukuta wetu si siri. Mtoto anaendeleaje?"

"Amelala. Amepewa dawa."

"Vizuri." Alivuta kiti. "Sasa wewe keti. Baba Chiriku, na wewe keti. Nina hasira zangu za wiki tatu, nazo leo zinatoka. Mama Chiriku, niambie hivi vitenzi unavijua vingapi?"

"Kama tisini. Navijua vyote, safu zote tatu."

"Break?"

"Break, broke, broken," Mama Chiriku alijibu bila kuvuta pumzi.

"Haya. Jana kazini kumetokea nini?"

"Mkokoteni mmoja ulivunjika gurudumu."

"Niambie hivyo kwa Kiingereza."

Mama Chiriku alifungua mdomo. Alitafuta katika ile orodha. Tisini walikuwa wamesimama foleni, na hakuna hata mmoja aliyejitokeza.

"Siwezi," alisema, na hasira ikamrudia upya. "Wiki tatu, Bi Taipu! Wiki tatu nimeimba, na siwezi kusema gurudumu limevunjika!"

"Huwezi, na si kosa lako. Ni kama mtu aliyekabidhiwa vipuri vya jokofu kwenye gunia. Mumeo hapa atakwambia. Vipuri kwenye gunia havigandishi maji."

Baba Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilielewa.

"Mimi nilipiga taipu miaka thelathini," Bi Taipu aliendelea. "Mabosi waliniletea barua zenye makosa, nikayasahihisha, wakaweka sahihi, wakasifiwa. Hakuna aliyejua. Na Kiingereza chote hicho nilifundishwa na karani mmoja kwa Kiswahili, wakati wa mapumziko ya chai. Kwa Kiswahili! Lugha unayoijua ndiyo ngazi ya kupandia ile usiyoijua. Mtu gani mwenye akili anaanza safari kwa kuvunja ngazi?"

"Basi nifundishe hivyo," Mama Chiriku alisema. "Zimebaki wiki tatu."

"Tunaanza sasa hivi. Ukisimulia hadithi, unaanzaje? 'Palikuwa na mzee mmoja.' Halafu?"

"'Yule mzee alikuwa na mbuzi.'"

"Mbona ulisema 'yule'? Mbona hukusema tena 'mzee mmoja'?"

"Si ameshajulikana?" Mama Chiriku alishangaa. "Nikisema tena 'mzee mmoja', watadhani ni mzee mwingine."

"Umemaliza nusu ya somo!" Bi Taipu alipiga paja lake. "Kiingereza nacho kinafikiri hivyo. Kitu kimoja ambacho msikilizaji hakijui bado, unatanguliza 'a'. A sheet, shuka moja, lolote. Kitu ambacho wewe na msikilizaji mnajua ni kipi, unatanguliza 'the'. The sheet, lile shuka tunalolizungumzia. Neno likianza na sauti ya a, e, i, o au u, hiyo 'a' inakuwa 'an', ili ulimi usijikwae. An apron."

"Na sabuni? A soap?"

"Unahesabu sabuni moja, sabuni mbili?"

"Ya unga? Haihesabiki. Inapimwa."

"Basi 'a' haifai hapo. Soap. Water. Na vikiwa vingi pia 'a' haifai, kwa sababu 'a' ni ya kitu kimoja. Sheets. Lakini 'the' inafaa popote, mradi mnajua mnachokitaja. The water, yale maji yaliyo kwenye mashine."

Chiriku alikuwa ameamka. Alisimama mlangoni na pamba sikioni. Mama yake alimpakata.

Bi Taipu alichukua kalamu na kipande cha gazeti. "Sasa vitenzi. Nafua, nilifua, nitafua, nimefua. Kiswahili kinaweka wakati tumboni mwa kitenzi. Kiingereza, kwa yaliyopita, kinauweka mkiani. Wash, washed. Kwa yajayo, kinatanguliza neno peke yake: I will wash. Na ile 'me' yetu, ya jambo lililokwisha na matokeo yake tunayo sasa, inakuja na 'have': I have washed. Nimefua, mashuka ni haya hapa."

"Na akiwa mtu mwingine?"

"Akiwa mmoja, he au she, kwa mambo ya kila siku unaongeza mkia wa 's'. I wash, she washes. Na 'have' inageuka 'has'. Wengi wanasahau. Wewe utasahau pia. Ukisahau, sahihisha uendelee. Hakuna anayekufa."

"Na broke? Mbona haina mkia?"

"Hao ni wakorofi. Hawafuati sheria, na hao ndio wa kukariri kweli. Lakini anza na wanaokuhusu. Break, kwa sababu vitu vinavunjika. Tear, tore, kwa sababu mashuka yanachanika. Hiyo swim, swam, swum mnayoniimbia kila jioni ni ya nini? Unafulia mashuka baharini?"

Chiriku alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama yake alimkumbatia.

"Haya," alisema Bi Taipu. "Mkokoteni ulivunjika gurudumu. Anza na gurudumu. Mimi silijui, ndiyo kwanza nasikia habari zake."

Mama Chiriku alifikiri. Alisema pole pole, neno baada ya neno.

"A wheel... broke."

"Na hilo gurudumu lilikuwaje?"

"The wheel was old."

Baba Chiriku alipiga makofi. Bi Taipu alimkazia macho.

"Wewe usipige makofi. Wewe kila jioni utamuuliza mkeo kwa Kiswahili: leo kazini kumetokea nini? Akujibu kwa Kiswahili kwanza. Kisha aandike sentensi tano kwa Kiingereza. Tano tu. Asubuhi ataniletea."

Walifanya hivyo. Kila jioni Mama Chiriku alisimulia, na nyumba ikajaa maneno tena. Mumewe aligundua mambo ambayo hakuwahi kuyajua katika miaka kumi ya ndoa. Hakujua kwamba mkewe alitambua ubovu wa mashine kwa sauti yake tu. Hakujua kwamba aliwahi kukuta miwani, meno ya bandia na barua ya mapenzi ndani ya mashuka. Chiriku aliuliza barua ilisemaje. Bibi pia alitaka kujua.

Kisha aliandika sentensi zake. Makosa yalikuwa mengi. Siku moja aliandika "the" mbele ya kila neno, kama mtu anayetia chumvi gizani. Siku nyingine alisahau mikia yote ya jana. Bi Taipu alisahihisha kwa wino mwekundu, na kila alipokosoa alieleza sababu kwa Kiswahili. Hakumcheka hata mara moja, ingawa aliwacheka mabosi wake wa zamani kila siku.

Siku ya mtihani, mkuu wa utawala wa hospitali aliwaita waombaji wanne ofisini kwake. Watatu walitoka nje ya hospitali. Mmoja wao alimtazama Mama Chiriku na buti zake za mpira, akageuza uso. Mama Chiriku aliona. Hakuteremsha macho.

Walisomewa mambo yote ya siku hiyo ya chumba cha kufulia, wakapewa karatasi. Wale watatu waliandika kurasa mbili mbili. Yeye aliandika mistari michache:

"Today we washed 212 sheets. A belt broke at ten o'clock. The belt was old. The mechanic has changed it. We will wash the blankets tomorrow."

Leo tulifua mashuka mia mbili na kumi na mawili. Mkanda mmoja ulikatika saa nne. Mkanda huo ulikuwa mkuukuu. Fundi ameubadilisha. Mablanketi tutayafua kesho.

Siku mbili baadaye mkuu wa utawala alimwita peke yake. Alikuwa na karatasi yake mkononi.

"Wenzako wameandika maneno makubwa," alisema. "Lakini nimesoma kurasa mbili na sijajua mashuka mangapi yamefuliwa. Hapa najua. Nafasi ni yako. Hongera."

Mama Chiriku alishukuru.

"Ila nataka jambo moja," mkuu aliongeza. "Chumba chako kiwe cha mfano. Kuanzia wiki ijayo, wale wanawake waseme Kiingereza tu kazini. Anayesema Kiswahili, andika jina lake, uniletee."

Mama Chiriku alikuwa amesimama. Barua ya nafasi aliyoisubiri miaka yote hiyo ilikuwa mezani, na bado haijatiwa sahihi. Mtu mwenye busara angesema "ndiyo bosi". Aliliona neno hilo likija, akalizuia. Hasira ilimjaa, na safari hii hakuogopa kuitoa. Aliitoa kwa Kiingereza, ili mkuu asiseme hakuelewa.

"No, sir," alisema. "A child was sick in my house. The child was afraid to talk. I will not make people afraid."

Mtoto mmoja aliugua nyumbani kwangu. Mtoto huyo aliogopa kusema. Mimi sitawatia watu woga.

Mkuu wa utawala aliweka kalamu chini.

"Mashine zile zina maji yanayochemka," Mama Chiriku aliendelea, sasa kwa Kiswahili. "Mtu akiona bomba linapasuka, sitaki asimame kutafuta neno. Nataka apige kelele kwa lugha ya kwanza inayomjia. Kiingereza watajifunza. Nitawafundisha mwenyewe, kila siku saa nane, kwa Kiswahili. Kama hiyo haifai, mpe mwingine hii kazi. Lakini huyo wa tatu sitamfundisha."

Mkuu aliisoma tena ile karatasi ya mistari michache. Kisha alichukua kalamu, akatia sahihi.

Mwezi uliofuata, mchana mmoja, bomba la maji ya moto lilipasuka nyuma ya mashine ya pili. Mfanyakazi mgeni kabisa, msichana wa wiki mbili kazini, ndiye aliyeliona. Alipiga yowe: "Bomba! Tokeni! Tokeni!" Wanawake walitupa mashuka wakakimbilia mlangoni, na Mama Chiriku akafunga maji. Mahali walipokuwa wamesimama pote palikuwa panafuka mvuke.

Jioni hiyo aliketi kwenye meza ya msimamizi kuandika taarifa. Yule msichana alisimama nyuma yake na kutazama, kwa sababu naye alikuwa anajifunza.

"A pipe broke at three o'clock," Mama Chiriku aliandika. "Nobody was hurt."

"Hiyo ya mwisho maana yake nini, mama?" msichana aliuliza.

"Hakuna aliyeumia," Mama Chiriku alisema, akaweka sahihi yake.